Pombe Baada ya Majembe

Enzi za Mjerumani, wanaume wengi wa kwetu Ugogoni walipochukuliwa kutandaza reli, shamba kubwa lililimwa kwa pombe. Unaalika majirani, wanalima kwa mstari, na kata ya pombe inazunguka tangu asubuhi. Jua likifika utosini, majembe yanapigwa ovyo, na kila msimu lazima mtu achechemee. Msimu mmoja ikawa zamu ya mume wangu. Jembe lilimpasua mguu, hakuweza kulima tena. Nani alikuwa amelishika jembe hilo, kila mtu alijua, na kila mtu alinyamaza.

Mwaka uliofuata mvua zikakaribia, shamba letu halijaguswa. Bila majirani tungelala njaa mwaka mzima. Nikapika mitungi minne ya pombe ya mtama, nikaifungia ndani, na majirani walipofika nikasimama mlangoni.

"Leo hanywi mtu mpaka shamba liishe na majembe yote yarundikwe hapa!" nikasema.

Wacha wee! "Mwanamke huyu kapagawa!" "Tulime makoo makavu?" Nikawaambia uji upo, tena mwingi. Watatu wakabeba majembe yao wakaondoka. Mdomo wangu haukujua kurudi nyuma.

Kumbe baba mkwe alikuwa amesimama palepale! Nilitamani ardhi inimeze, maana mkaza mwana hapayuki mbele ya mkwe. Na kwa pombe, mzee yule hakuwa na mpinzani. Alinitazama, akachota uji, akaumaliza, akaingia shambani. Wengine wakamfuata. Hata wale watatu walirudi, wakisingizia kwamba walikwenda kuchukua tumbaku.

Tuliimba mpaka sauti zikakauka. Jioni shamba lote lilikuwa limelimwa, na hakuna aliyechubuka hata ukucha. Nilihakikisha kila jembe liko kwenye rundo, nikafungua mtungi, nikampa baba mkwe kata ya kwanza.

Hakunywa. Alikwenda kwa mume wangu, akachuchumaa, akaushika ule mguu.

"Mwanangu, jembe lililokukata lilikuwa langu," akasema, watu wote wakisikia. "Kunywa wewe kwanza."

Mume wangu akanywa huku analia na kucheka. Mimi nikafuta macho, nikalaumu vumbi.

Msimu uliofuata hakuna nyumba iliyofungua mtungi kabla ya majembe kurundikwa. Na aliyesimama kulinda rundo, kata tupu mkononi, akiwafokea wenye haraka, alikuwa baba mkwe.