Nilimtukana mkwe kwa kutozaa, kumbe kasoro imetoka kwangu

Wakuu, mnaonizidi umri shikamoo, ingawa sidhani kama mpo wengi humu. Wengine wote marahaba.

Nina wajukuu tisa kwa mabinti zangu. Shule niliishia la tatu, naandika kwa kidole kimoja. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kweli na yananichoma.

Nipo kata ya Daudi, Mbulu. Mwanangu wa kiume ni mmoja, Emanueli. Alioa Paskalina wa Dongobesh.

Mwaka wa kwanza kimya. Wa nne kimya.

Siku tunapukuchua mahindi na majirani, nikamwambia mbele ya wote: "Wewe kula tu! Hata panya wa ghalani wanakushinda kuzaa."

Wanawake wakacheka. Paskalina akainama, akaendelea kupukuchua. Wiki ile ile akarudi kwao.

Mimi nikajiona nimeshinda!

Emanueli akanipeleka hospitali. "Mama, ukasikie mwenyewe." Daktari alikuwa binti mdogo, sawa na mjukuu wangu. Akaniamkia vizuri, kisha:

"Bibi, unafuga?"

"Sana."

"Ng'ombe wasiposhika mimba, unaanza kumwangalia nani?"

"Dume."

Nilipojisikia nimesema hivyo, nikavuta shuka niliyojitanda, nikafunika uso.

Akaeleza kwamba mwilini kuna maagizo ya kutengeneza mbegu za kiume, yanaitwa RNA. Yanatoka marefu kama kitambaa cha jora. Lazima vipande visivyohitajika vikatwe, vinavyobaki viungwe, ndipo mbegu ikomae. Kwa Emanueli mkasi unakata vibaya. Mbegu zinaanza, zinakwama njiani.

"Amelogwa?"

"Hapana bibi, amezaliwa nayo. Baba na mama wanaweza kuwa wazima kabisa, ila kila mmoja akampa nusu ya kasoro."

Baba yake ni marehemu. Nikabaki mimi.

Kilichonimaliza ni hiki: Paskalina alikuwa na majibu hayo tangu mwaka jana. Siku ya mahindi alinyamaza ili mume wake asichekwe.

Emanueli aliniruhusu niseme. Nikaenda Dongobesh na wale wale waliocheka, nikakiri mbele yao. Paskalina akaniamkia, "Shikamoo mama," akanipa kigoda na chai. Kurudi hajasema. Kumuuliza sijathubutu.

Kina mama wenye vijana, wapimwe mume na mke wote wawili kabla hamjafungua mdomo.

Aliyewahi kumuumiza mkwe akasamehewa, aniambie alifanyaje. Mwenye matusi pia alete, nimeyatafuta mwenyewe.