Kifua cha Mume Wangu

Risasi zilipoanza kulia upande wa Muheto, kituo chetu cha afya cha Lushebere kilijaa, nami nikaanza kupeleka wamama wenye watoto wachanga nyumbani kwangu. Mume wangu, mkulima wa maharagwe, alinyang'anywa kitanda kwanza, kisha kiti. Hakugomba, ila alinung'unika: "Mugeni siku mbili, ya tatu mupe jembe." Nikamwambia awape basi, tuone kama aliyejifungua jana atamlimia.

Asubuhi moja ya mvua akaja pale nyumbani mama kijana sana, amejifungulia njiani. Mtoto alikuwa hajatimiza miezi, mdogo kama kifaranga, na baridi ilikuwa imeshamwingia. Mama yake akaanguka mlangoni, damu inamtoka. Muuguzi nilikuwa mimi peke yangu. Nikimwacha mama, atakufa. Mtoto naye akikosa joto la mwili wa mtu, hafiki mchana. Wamama wengine wote walikuwa wanakohoa. Nikamwona bwana wangu anachukua jembe, ananyata kuelekea shambani.

"Papa, toa shimizi."

"Nini?"

"Toa shimizi, ikala. Mutoto iko nakufa na baridi."

"Mi sijuaka kubeba mutoto. Nitamuvunja."

"Hautamuvunja."

Kweli hakujua; wanaume wengi wa milima yetu hawajui. Akavua shati, akaketi. Nikamlaza mtoto kifuani pake, ngozi kwa ngozi, nikawafunga pamoja kwa kitenge, nikarudi kwa mama. Nilimchoma sindano, nikamkanda tumbo, nikamwekea serumu ya mshipani. Niliomba Mungu kwa sauti huku nimekasirikia kila mwenye bunduki. Damu ikapungua, hatimaye ikakoma.

Akafumbua macho, akauliza, "Mutoto wangu iko wapi?" Niliogopa kugeuka.

Mume wangu alikuwa amekaa vilevile, shingo imemkakamaa, nzi anatembea kwenye paji lake na yeye hamfukuzi. Mtoto alikuwa wa moto, anapumua vizuri. Nikanyoosha mikono nimpeleke kwa mama yake.

"Ngoja kwanza," akaninong'oneza. "Ndo amelala sasa."

Nilifurahi mpaka nikalia. Lakini pia niliona wivu, sitaficha. Tumezaa watoto sita, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulala pale.