Kichujio cha Verediane

Verediane wa Rugerero aliuza viazi kwa miaka kumi kabla watafiti hawajamfundisha kuchuja maji ya Ziwa Kivu. Kazi yenyewe ni ya mbio. Unavuta maji ya mita mia tatu chini, unayapitisha kwenye kichujio chembamba, vijidudu vinabaki juu yake, unakigandisha papo hapo. Ukichelewa, protini za vijidudu zinabadilika, hutajua tena vilikuwa vinafanya kazi gani huko gizani. Mimi niliendesha boti tu, lakini yeye aliviongelea kama majirani zake.

Mwaka mzima kamba ya kuvutia maji ilitukatikia. Siku tulipoyapata maji ya chini kabisa, tulirudi ufukweni Rubona tukiimba, wapumbavu sisi. Ziwa lilikuwa limefungwa, ili isambaza, dagaa wa huko, wazaliane, na wavuvi walikuwa wamekaa ufukweni na njaa yao. Nasi tumebeba sanduku la barafu kama la wachuuzi wa samaki!

"We mama, ziwa imefungwa, na we unavua?" akafoka Callixte, mvuvi aliyeongoza wenzake.

"Samaki hakuna, iko maji tu. Usifungue, itaharibika!"

"Maji inaharibika?"

Callixte akampiga kasia mgongoni. Verediane akalilalia sanduku. Wakamshukia kwa mateke mpaka nikasikia ubavu ukivunjika. Mimi nilikimbia. Naona haya kulisema, lakini nilikimbia kuita polisi na sikugeuka nyuma hata mara moja.

Niliporudi nao, wavuvi walikuwa wametawanyika. Sanduku lilikuwa limepasuliwa, vichujio vinne vimekanyagwa matopeni. Cha tano Verediane alikuwa amekifumbata mkononi, kiganja kimechanwa na kioo cha kichupa chake kilichovunjika, damu inachuruzika. Alikizika mwenyewe kwenye barafu iliyobaki, ndipo akakubali kubebwa.

Miezi mitatu baadaye Cedric, mtafiti wetu, alileta majibu nyumbani kwa Verediane, nami nikiwepo.

"Bon, vilikuwa vinafanya nini?" Verediane akamwuliza kabla hajaketi.

Cedric akainamisha kichwa. "Mama Verediane, mashine imeona damu. Protini ya damu ya mutu imefunika yote. Ziwa haionekani."

Verediane akautazama mkono wake wenye kovu.

"Donc, kumbe mulinipima mi."

Siku ile ufukweni hakutoa chozi. Alilia hapo, ameushika ubavu, na sisi wanaume wawili tukatazama sakafu.