Kikohozi Kwenye Wimbo wa Nne

Mume wangu alipiga gitaa la besi miaka na miaka, hakuna aliyemjua. Akakohoa mara moja tu kwenye wimbo, akawa maarufu.

Mnacheka? Chekeni tu. Kuna waliocheka kabla yenu.

Mimi ni msusi, na mdomo wa msusi haulali. Nitaisema hii habari kama ilivyo, atakayenuna anune.

Bendi yao ilikuwa ya roki, ila si ile roki ya makelele. Hii ya kubembeleza, gitaa linakwenda taratibu mpaka unamkumbuka mtu aliyekuacha. Albamu ya kwanza ilipendwa balaa. Kuna maharusi waliingia ukumbini kwa nyimbo zile.

Ya pili ndiyo iliyotumaliza.

Waliirekodi kwenye chumba cha kupanga, magodoro ukutani ili kelele za barabarani zisiingie. Kwenye wimbo wa nne kuna mahali vyombo vyote vinanyamaza, mwimbaji anavuta pumzi. Hapo hapo, katikati ya ukimya, mume wangu akakohoa.

Hakuna aliyeshtuka. Washtuke nini? Alikuwa anakohoa kila siku, masikio yao yalishazoea. Na yangu pia.

Albamu ikatoka. Wasikilizaji wakatushukia mtandaoni kama mvua ya mawe.

"Hii mmerekodia wodini?"

"Nipeni namba ya huyo anayekohoa, nimtumie dawa ya mafua."

Mmoja akakichukua kile kikohozi, akakitengenezea mdundo wa kucheza. Wateja wangu wakawa wanakicheza humo humo saluni. Siku ya kwanza mume wangu alicheka nao. Siku ya pili hakutoka chumbani.

Katikati ya kejeli zile, dada mmoja aliyesema ni muuguzi akaandika: "Huyo anayekohoa mpelekeni akapimwe kifua. Hayo si mafua, nawaambia."

Watu wakamcheka na yeye. Mimi nilipoisoma, nikamfuata chumbani.

"Mume wangu, kesho tunaenda hospitali."

"Sawa," akasema. Haki ya Mungu, alisema sawa.

Ila jioni ile akaja kiongozi wa bendi, ambaye ndiye mwimbaji, na maneno yake ya asali.

"Shemeji, usimtie mwenzio hofu. Albamu inazama. Tumalize shoo kwanza, halafu nitampeleka mwenyewe kwa gari langu."

"Kifua kinasubiri shoo?"

"Shemeji nawe! Ni vumbi la magodoro tu."

Mume wangu akaniangalia mimi, akamwangalia rafiki yake wa tangu utotoni. Akalichukua gitaa lake, wakaondoka.

Wiki hiyo hiyo kiongozi akakikata kikohozi, akatoa wimbo upya. Chini yake akaandika: "Samahani wapenzi wetu, uchafu tumeuondoa."

Mume wangu aliyasoma hayo tukiwa mezani.

"Hivi uchafu ni mimi?" akaniuliza.

Nilimnyang'anya simu. Hakula.

Siku aliyoshindwa kusimama, lile gari la kiongozi sikuliona. Nilimpeleka mimi na kaka yangu. Daktari akatuambia mapafu yamekwisha, tumechelewa. Hakumaliza mwezi.

Msibani, mmoja wa bendi akathubutu kusema eti sikio la kufa halisikii dawa. Sikio lipi? La mume wangu lilisikia. Lililoziba ni la mwenye shoo.

Basi, kufa kufaana. Kaburi halijakauka, wimbo wa nne ukatoka tena. Wameuita toleo la kumbukumbu. Kikohozi kimerudishwa, tena kimepandishwa sauti.

Jamani, watu walilia! Wale wale! "Pumzika kaka, kikohozi chako tutakienzi." Yule aliyekitengenezea mdundo aliandika majonzi marefu kuliko ya mama mzazi. Albamu iliyokuwa inazama ikapanda mpaka juu.

Nilikuwa nimeapa sitausikiliza. Lakini siku moja redio ya saluni ikaupiga, na mimi nina kichwa cha mteja mikononi. Wote wakanyamaza kwa kuniheshimu. Vyombo vikanyamaza. Kikohozi kikaja.

Nikaacha kusuka.

Nimelala pembeni ya kifua kile miaka yote ya ndoa yangu. Mume wangu alikohoa kwa kujibana, kama mtu anayeona haya kukuamsha. Huyu wa redioni alikuwa anataka asikike.

Nilimwacha mteja kasukwa nusu, nikaenda moja kwa moja kwenye chumba chao cha mazoezi.

"Aliyekohoa ni nani?"

Kiongozi akajifanya anakunja nyaya. "Shemeji, kaa kwanza."

"Sikuja kukaa. Aliyekohoa ni nani?"

Akaziweka nyaya chini. "Ni mimi."

"Cha kwake kimepotea?"

"Kipo. Ila kilikuwa kidogo mno, shemeji. Tulikijaribu, hakigusi. Hakina uchungu."

Hakina uchungu! Mtu anakufa, halafu wanasema amekohoa vibaya! Nilitaka kumrukia. Nikaishia kulia mbele yake, na mpaka leo najichukia kwa kumpa yale machozi.

"Nipe cha kwake," nikasema.

Akaniwekea kwenye simu. Nikakitoa hadharani siku hiyo hiyo, nikaeleza kila kitu: huyu ndiye mume wangu, yule mnayemlilia ni tapeli.

Mnajua walinijibu nini?

"Mjane anatafuta kiki." "Mwache marehemu apumzike." Na mmoja, mstaarabu kabisa: "Pole dada, ila ile nyingine inagusa zaidi."

Nikasema potelea mbali, wao ni wapita njia. Mwenye haki na sauti ile ni mmoja, mama mkwe wangu. Ananitegemea mimi, masikio yake yamechoka, na kila asubuhi huniomba nimwekee ule wimbo wa redioni. Kikifika kikohozi, husema, "Pole, baba," kama alivyokuwa akimwambia mwanawe akiwa mdogo.

Nikaketi naye kitandani. Nikamwekea kile cha kweli, simu nimeibana kabisa sikioni mwake.

Akasubiri.

"Mbona kimya, mwanangu?"

Nikarudia. Nikapandisha sauti mpaka mwisho.

"Sisikii kitu," akasema, ameanza kuhangaika. "Umemtoa? Niwekee ile nyingine. Ile yenye mwanangu."

Nikamwekea ile nyingine.

Kiongozi akakohoa kwa nguvu zake zote.

"Pole, baba," akasema mama, akatabasamu.

Mnataka somo? Mtu wako akikohoa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Ukichelewa, watakuja watakaomkoholea vizuri kuliko alivyokohoa mwenyewe.