Zamu ya Nani Hasamba

Kwa miaka kumi na minane Ikupa alikuwa mwinjilisti wa kijiji cha Hasamba. Aliongoza ibada, akafundisha darasa la ubatizo, akafariji wafiwa, na siku za kazi alipalilia kahawa yake kama kila mtu. Jambo moja tu hakuruhusiwa: kuwashirikisha watu Meza ya Bwana, ule mkate na divai. Hiyo ni kazi ya wachungaji, na wachungaji wako mjini Vwawa, kwenye kanisa kubwa lenye waumini zaidi ya elfu tatu.

Zamani mchungaji alikuwa mmoja, na alikuja na pikipiki yake hata barabara ikiwa matope matupu. Kanisa lilipokua wakaongezwa wawili. Wakagawana kazi, ratiba ya zamu ikabandikwa mlangoni mwa ofisi, watu wakashukuru. Watatu wangeshindwaje kazi aliyoiweza mmoja?

Mwezi wa pili mwaka huu mzee Sadoki, aliyefyatua matofali ya kanisa la Hasamba kwa mikono yake, alizidiwa. Jumatatu akamwambia Ikupa, "Mwanangu, sitaki kingine. Nataka Meza kabla sijaenda."

Kesho yake Ikupa akampigia Mchungaji Ezron, maana ratiba ilisema wagonjwa ni wake. Ezron akajibu kwamba wake ni wagonjwa wa mjini. Wa vijijini ni wa Mchungaji Sebastian. Sebastian akasema vijiji alishaviacha, kikao cha Januari kilibadilisha. Jumatano Ikupa akapanda bodaboda hadi Vwawa kwa Mchungaji Osward, kiongozi wao.

"Siwezi kuingilia majukumu ya wenzangu," Osward alisema. "Tumekubaliana kuheshimiana. Andika barua, tutaijadili kikaoni Alhamisi."

"Mchungaji, mtu anakufa!"

"Ndiyo maana nasema Alhamisi hii, sisemi ijayo."

Ikupa akaandika palepale, kwenye meza ya katibu, kalamu ikitoboa karatasi. Alhamisi kikao kikaahirishwa. Wawili walikuwa na semina Tunduma. Ijumaa asubuhi Sadoki akafariki. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa ameuliza mara mbili kama mchungaji amefika.

Kuzika, walikuja wote watatu. Wote! Kanzu zimenyooshwa pasi, kila mmoja na neno lake la faraja, wakipokezana kipaza sauti kama watu wasiojua zamu ni kitu gani. Ikupa alipewa historia ya marehemu asome. Akasoma kuzaliwa, ndoa, watoto saba, matofali. Karatasi ikaisha, yeye akaendelea.

"Jumatatu marehemu aliomba Meza ya Bwana. Jumanne niliwapigia Mchungaji Ezron na Mchungaji Sebastian. Jumatano nilimfuata Mchungaji Osward ofisini. Ijumaa marehemu alikufa bila kuipata."

Osward akainama akamnong'oneza, "Kaa chini, Ikupa. Unalitia kanisa aibu."

"Aibu ilifika hapa kabla yangu, Mchungaji."

Kutoka kwenye mkeka wa wafiwa, mjane Rozi akasema kwa sauti, "Asante, mwanangu."

Jumatatu iliyofuata kikao kilikaa. Hakikuahirishwa, hakikukosa mtu. Kikao kilichoshindikana kwa ajili ya mtu anayekufa kiliwezekana kwa ajili ya heshima yao, na barua iliyotoka humo ilikuwa na sahihi tatu: Ikupa asimamishwe miezi sita kwa kudhalilisha uongozi. Wazee wa Hasamba wakamkataa mwinjilisti aliyeletwa badala yake. Tangu hapo wanaongoza ibada wenyewe, kwa kupokezana.

Ratiba ilibadilishwa, hilo tusilifiche. Sasa imeandikwa kwamba mchungaji yeyote akiitwa kwa mgonjwa aende, maswali baadaye. Jina la Sadoki halimo, wala la Ikupa, na kwa Rozi hakuna aliyekwenda kuomba radhi.

Juzi, mwezi wa nne wa adhabu, Ezron alikuja kwa gari kumshirikisha bibi mmoja mgonjwa. Njiani alimkuta Ikupa na ndoo ya kahawa mbivu kichwani. Akapunguza mwendo, akapunga mkono. Ikupa alimtazama mpaka gari likapita, akaendelea na safari yake.