Mtani, Kofia na Fosfeti

Baba alipofariki nilikuwa nimerudi Mwanza likizo, na kwenye begi nilikuwa na makala ya fotokopi ambayo ningetakiwa kuieleza mbele ya darasa chuo kikifunguliwa. Niliisoma uani kwetu Mabatini, wanawake wakimenya viazi vya matanga. Nisingesoma ningegombana na mtu.

Ilihusu bakteria. Bakteria hana macho wala masikio, ila kwenye utando wake kuna vimeng'enya vinavyopokea habari za nje, kwa mfano kwamba maji yamezidi chumvi. Kimeng'enya kikipata habari hujibandika fosfeti, kisha huikabidhi kwa protini iliyoko ndani, nayo ndiyo huamka ikafanya kazi. Protini za kupokea ni nyingi na zinafanana kama watoto wa tumbo moja, lakini kila kimeng'enya kina mwenzake. Ukivichanganya kwenye kichupa ukavisubiri sana, kimeng'enya kinaweza kumpa fosfeti hata asiye wake, kwa kusuasua. Mwenzake humpa papo hapo.

Sikuelewa kinamtambuaje. Wala sikujali sana, maana aliyeninyima raha ni mama. Tangu tutoke makaburini hakuwa ametia kitu mdomoni zaidi ya maji, na alikuwa na vidonda vya tumbo. Zahanati walishamwonya asikae na njaa. Niliogopa tusije tukachimba kaburi la pili.

Shangazi, dada yake baba, alimbembeleza akachoka. Mchungaji alimwombea, mwishowe sahani akaimaliza yeye. Mimi nikaleta akili zangu za chuo. Nikavaa kofia ya pama ya baba, nikavuta mguu wa kushoto kama alivyokuwa akiuvuta, nikapita mbele ya mama nikikohoa kikohozi chake. Nilimwiga vizuri, hilo silionei haya. Mama aliniangalia kama anamwangalia mwizi. Shangazi akaninyang'anya kofia, akaitundika msumarini.

"Huyo ni mama yako. Wewe mtani wake?"

Nikaenda nyuma ya nyumba, nikalia kwa hasira.

Jioni akaja Mzaramo mmoja, muuza mitumba wa mtaani kwetu, aliyehamia enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Sisi Wasukuma na Wazaramo ni watani, na mtani msibani hazuiwi kufanya mzaha, hata wa kumwiga marehemu. Hakupiga hodi. Alichukua kofia ileile, akaanza kuchechemea sebuleni katikati ya waombolezaji.

"Mke wangu, nimerudi! Huko wamenifukuza. Wanasema Msukuma anawamalizia ugali, aende akamalize wa kwake."

Mama akainua kichwa papo hapo. Midomo ikamcheza, akacheka, na kicheko kikageuka kilio kikubwa ambacho hata makaburini hakukilia. Nilitaka kumkimbilia, shangazi akanishika mkono.

"Mzaramo mshenzi wewe," mama alisema akijifuta kwa kanga. "Hata kumwiga hujui. Mguu wenyewe ulikuwa wa kushoto."

Kweli, alikuwa anavuta wa kulia.

"Basi nipeni ugali, nipate nguvu ya kuubadilisha."

"Kaa hapo chini," mama akamwambia. Kisha akanigeukia mimi. "Mwanangu, lete maji ya kunawa. Tuko wawili."