Msumari Ndani ya Firigisi

Braina alikuwa mwanamke wa bata bukini. Pale Zablotya, kijiji cha Wayahudi, kila nyumba iliyotaka mafuta safi ya majira ya baridi ilimpelekea yeye bata wake, amnenepeshe, ampeleke kwa mchinjaji, ayayeyushe mafuta na kuyapima. Mumewe alikwisha kufa zamani. Mwanawe, fundi viatu, naye akafa kwa kifua, akamwachia wajukuu wawili, Keila na Zusman, na kikopo cha misumari. Shamba hana, duka hana. Alichokuwa nacho ni jina lake: mafuta yakitoka kwa Braina, hakuna aliyeuliza kama ni halali.

Na jina hilo halikuja bure. Siku zote alipasua firigisi kwanza. Bata hula chochote, na akiwa na kitu chenye ncha kilichotoboa firigisi mpaka nje, basi bata huyo ni haramu, nyama yake na mafuta yake.

Mwaka ule Hanuka, sikukuu ya mishumaa ya siku nane, iliingia na theluji ya magotini. Siku ya sita alikuwa na bata wanne wa kumaliza, watatu wa watu na mmoja wake. Jua la kule huzama kama limefukuzwa, na mishumaa ya Hanuka ikishawashwa mwanamke hagusi kazi mpaka izimike. Kwa haraka akatia mafuta ya wote katika sufuria moja jikoni, akajiambia firigisi atazitazama sasa hivi.

Tatu zilikuwa safi. Ya nne, ya bata wake mwenyewe aliyekuwa akimfuga tengani kando ya jiko, ikagonga kisu. Msumari wa viatu, kichwa kimekatwa, umetokeza upande wa pili, na tone la damu limegandia hapo.

Aliujua. Zusman alikuwa na pia ya risasi, ile ya pande nne ichezwayo Hanuka, nayo ilikuwa imevunjika kishikio, mtoto akapachika msumari wa baba yake. Juzi ukachomoka katikati ya mchezo, wakautafuta sakafuni wote, Braina naye kapiga magoti, wanacheka, wasiuone.

Akaufuta, akautia mfukoni.

"Bibi, jua limezama!" Keila aliita. Braina akawasha mishumaa.

Mara mlango ukasukumwa, akaingia Dvosha, mke wa mwenye kinu, na mtungi kwapani.

"Mama, hujafa tu na baridi hii? Nipimie mafuta yangu niende, mume wangu ananguruma kama dubu."

"Mishumaa inawaka, Dvosha. Kaa."

"Haya, na mimi nicheze. Zusman, njugu zangu usiziguse, nakujua."

"Mimi? Mwizi Keila, anaipuliza pia ikitaka kulala!"

"Mwongo mkubwa! Unadhani wote ni kama wewe?"

Pia, sasa ina kijiti badala ya msumari, ikazungushwa, njugu za dau zimewekwa katikati. Ilipofika zamu ya Braina ikaanguka upande wa kuchukua zote. Akazikusanya njugu. Zamu yake ya pili, vilevile.

"Bibi yenu mchawi," Dvosha alisema. "Mtazameni, anashinda na wala hacheki."

Braina alikuwa anafikiri. Kuutupa msumari motoni ni kitu gani? Wajukuu wangekula mpaka masika. Lakini Dvosha naye angewalisha wanawe haramu, kutoka mkononi mwake yeye, akimwamini.

Mshumaa wa mwisho ukazimika. Dvosha akainuka, akafungua mtungi.

"Ufunike," Braina alisema.

"Kwani yamemwagika?"

Braina akauweka msumari mezani, katikati ya njugu.

"Msumari wangu!" Zusman akaruka kwa furaha. "Umeupata wapi, Bibi?"

"Ndani ya bata."

Dvosha akakaa tena, polepole. "Na mafuta yangu?"

"Yako, ya wenzako, yangu. Sufuria ni moja."

"Ulipasua lini?"

"Baada ya kuyatia."

"Baada! Wewe, Braina? Wewe ndiye unayetufundisha sisi!"

Braina akajifunga shali. Aliibeba firigisi usiku uleule kwa rabi, mwamuzi wa sheria za dini, naye hakuitazama sana. Yote haramu, akasema. Asubuhi sufuria ikaenda kwa mpika sabuni, na godoro la manyoya na mito ya harusi yake vikagawiwa wenye bata kuwa fidia.

Watu walimsifu. Sinagogi nzima ilisema mwanamke mkweli ni yule. Kisha wakawachukua bata wao wakawapeleka kwa Gnesia, mnenepeshaji mwingine ng'ambo ya mto. Zusman hakuchapwa, ila kwa kujilaumu, hata mkate alikuwa akiombwa aule. Kabla theluji haijayeyuka, unga ukaisha, na Keila akapelekwa kwa Dvosha kuosha vyombo na kulala jikoni.

Dvosha alimpokea vizuri. Alimpakia mkate mafuta, akamwambia ale tu asiogope, haya ni ya Gnesia.